Karatasi Kumi na Tano za Kilima cha Ndrokpa

Domitille aliwahesabu abiria mara mbili, kama alivyozoea kufanya ndani ya jipu la Kpandroma. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu. Mzee na mkewe, wakimenyeana mayai ya kuchemsha. Mwanamume mmoja aliyelala mdomo wazi. Wa tano ni yeye mwenyewe. Treni ilikuwa na mabehewa mawili tu, na lile la nyuma halikuwa na hata nzi.

Hiyo ilikuwa treni yake ya tatu tangu alfajiri, Jumapili ya kwanza ya Novemba, kaskazini mwa Japani. Majira ya kupukutika majani yalikuwa yamefika. Milima ilikuwa myekundu na ya njano kutoka kileleni mpaka mtoni, na mke wa yule mzee alimgusa Domitille begani, akamwonyesha dirishani, akatabasamu, kusudi mgeni asipitwe na uzuri. Domitille akatabasamu naye. Moyoni alikuwa akiwaza kwamba huko kwao Djugu, mkoani Ituri, mlima ukipata rangi ile, watu huuliza nani kauchoma.

Alikuwa amekaa Japani wiki mbili katika mafunzo ya vyama vya wakulima wa viazi. Wiki mbili za kutikisa kichwa, kupigwa picha akishika kiazi, kupewa cheti. Viazi alivijua kabla ya waalimu wake kuzaliwa. Hakuja kwa ajili ya viazi. Alikuja kwa ajili ya ramani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1986 Mjapani mmoja, mtafiti, alifika Kpandroma na baiskeli na kamba ya mita hamsini. Jina lake Onodera. Alitaka kujua watu wa milimani wanagawana vipi mashamba, nani anamwachia nani, ardhi inapumzishwa miaka mingapi. Watu walimwita Bwana Kamba. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili, na mzee Vital wa kilima cha Ndrokpa akamtoa binti yake Domitille, miaka kumi na sita, miguu myepesi. Miezi saba wakapima kilima kizima, shamba kwa shamba. Onodera akiandika kila kipande: mwenyewe ni nani, analima nani, kimepandwa nini. Kisha akafunga karatasi zake ndani ya sanduku la bati, akaenda zake. Hakuna aliyemkumbuka.

Vita vikaja, kilima kikachomwa mwaka wa 1999. Kikachomwa tena 2003. Kikachomwa 2018, safari hiyo mpaka mizizi ya migomba. Nyumba ya chifu iliungua pamoja na kabati la karatasi. Watu wa Ndrokpa wakawa chini ya mahema ya plastiki pembeni mwa Bunia, wakipanga foleni ya maji na foleni ya unga, na watoto waliozaliwa katika foleni hizo sasa wanasoma darasa la kwanza. Ndipo mwaka jana ikatokea kampuni moja, na yenyewe ilikuwa na karatasi. Karatasi ilisema kilima cha Ndrokpa ni ardhi tupu, haina wenyewe, haijawahi kuwa nao, inafaa kupandwa mikaratusi ili hewa yake safi iuzwe Ulaya kwa wenye viwanda vya moshi. Domitille aliisoma mara tatu kwa sauti mbele ya watu kambini. Mara ya tatu hakuna aliyecheka tena kuhusu hewa.

Kesi ilipangiwa Ijumaa iliyokuwa ikija. Hakimu alisema: leteni uthibitisho wa kabla ya vita, na uwe karatasi yenyewe, si picha ya simu. Mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani alibeba uthibitisho gani? Ndipo Domitille akamkumbuka Bwana Kamba.

Aliyempata Onodera ni Adeline, mkalimani wa mafunzo, mzaliwa wa Butembo, mwaka wa kumi na moja Japani. Alipiga simu chuo hadi chuo, akaambiwa mzee amestaafu zamani, anaishi peke yake katika kijiji cha wazazi wake. Akamwandikia. Jibu likaja kwa barua ya mkono, kwa Kifaransa: karatasi zipo, aje azichukue mwenyewe, posta siiamini, na mimi nina miaka themanini na mitatu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku pekee ya mapumziko. Jumatatu ndege. Jumatano Bunia. Ijumaa mahakamani. Adeline alimwandikia safari nzima kwenye kadi, dakika kwa dakika, na kwenye mfuko wake akafunga kibandiko kikubwa chenye maandishi ya Kijapani: jina la Onodera, kijiji, namba ya simu.

"Kama umepotea, unaonyesha mutu hii," alisema. "Na usishuke kama sijaandika shuka."

"Adeline, mi nilivukaka Ituri na miguu, usiku, na mabomu."

"Njo maana naogopa. Unajiaminia sana."

Saa nne na dakika thelathini na moja treni iliingia kwenye stesheni ndogo katikati ya milima, ikasimama. Domitille alitazama kadi: *inasimama dakika nane, usishuke*. Aliitazama treni. Watu watano. Alikumbuka chargeur, mjaza abiria wa jipu pale Bunia, anavyozunguka soko zima akitafuta mtu wa kumi na nane, na wale kumi na saba wanangoja juani, wananyonyesha, wanagombana, wanakwenda kununua sambusa, wanarudi, gari bado. Chombo chenye watu watano hakiendi mahali. Hilo halihitaji kuandikwa kwenye kadi. Akaweka mfuko wake kwenye kiti, kama inavyopaswa, kusudi ukamate nafasi, akashuka kutafuta choo.

Choo kilikuwa kisafi kuliko hospitali nyingi alizozijua. Alipotoka alisimama kidogo kwenye mashine ya chai, akitafuta tundu la kutilia sarafu. Nyuma yake milango ilijifunga. Hakuna honi. Hakuna aliyeita. Treni iliondoka na watu wanne na mfuko.

Alikimbia. "Chauffeur, iko mutu! Iko mutu huku!" Pale Bunia ungepiga bati kwa kiganja, na abiria wote wangepaza sauti pamoja nawe, na dereva angesimama akikutukana. Huyu wa glavu nyeupe hakugeuka. Alinyoosha kidole mbele kama anayeihutubia reli, akasema neno lake peke yake, akapita. Saa nne na dakika thelathini na tisa.

Ndani ya mfuko kulikuwa na barua ya kamati, yenye alama za vidole vya familia mia mbili na kumi na mbili, ikimwomba Onodera atoe zile karatasi. Simu, kwa bahati, ilikuwa kifuani.

"Adeline. Treni imeniacha."

Adeline, aliyemwita yaya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, alishusha pumzi. "Yaya, niliandika nini kwa ile karte?"

"Ilikuwa na batu bane."

"Hata ingekuwa na mutu moya. Hata ingekuwa wazi. Huku treni haingojake mutu."

"Sasa banapata faida namna gani?"

"Utabaulizaka siku ingine. Ngoja niangalie." Vidole vilisikika vikigonga. "Ingine iko saa nane na nusu. Na ya kurudia inapita kwa Muzee saa tisa na dakika makumi mbili na sita. Ukikosa ile, umekosa na ndege ya kesho. Rudia tu huku, yaya. Tutamwandikia tena."

"Ijumaa itatungojea?"

Domitille alikuwa ameshaitazama barabara ya kando ya reli.

"Kutoka hapa mpaka kwake iko kilometa ngapi?"

"Kumi na tatu. Yaya, hapana. Iko milima."

"Mi mutu wa wapi?"

"Na iko dubu. Sisemi mchezo, huu mwaka badubu banashuka mpaka mu vijiji, banaua batu."

"Dubu njo nini?"

"Nyama kubwa, kama gorille, na makucha."

"Iko na bunduki?"

"Hapana, lakini…"

"Basi."

Akakata simu, akafunga kitambaa chake kiunoni, akashika barabara iliyofuatana na reli.

Alitembea kwa mwendo wa soko, ule wa wanawake wanaotaka kufika kabla bei haijaanguka. Mpunga ulikuwa umevunwa, mabua yameachwa kwa mistari kama nywele zilizokatwa na mtu mwenye subira. Majani yalianguka bila upepo. Baada ya nusu saa alianza kuziona nyumba, na baada ya saa nzima hakuweza kuacha kuzihesabu. Nyumba yenye mlango uliopigwa mbao. Nyumba yenye mti uliopita darini. Miti ya kaki, yale matunda ya rangi ya machungwa ambayo hata Wafaransa wanayaita hivyo, imejaa mpaka matawi yanagusa chini, na hakuna mtu wa kuchuma. Shule yenye uwanja mzuri, saa ya ukutani imesimama, majani yamejaa golini. Nyumba kumi na tisa, na zenye moshi zilikuwa mbili.

Kwenye shamba moja lisilolimwa kikongwe alikuwa akifyeka majani ya mpakani kwa mundu. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya pili, ungelijua kwa kabichi. Lakini alifyeka mpaka wa jirani asiyekuwapo, taratibu, akiuacha wazi, kusudi jirani akirudi, au mtoto wake akirudi, akute alama. Domitille alisimama kumtazama. Hasira yake, aliyokuwa ameibeba tangu Bunia kama mtu abebavyo maji, ilimwagika. Hapa ndipo patupu. Hapa watu wamekwisha kweli, wamezeeka, wamekufa, wamehamia mijini, na hakuna mwenye suti aliyekuja kusema hii ni ardhi ya bure. Kila jiwe bado lina jina la mtu. Na Ndrokpa, yenye watu elfu moja na mia tano wanaolala njaa kilometa tisini kutoka kwenye mashamba yao wenyewe, hiyo ndiyo inaitwa tupu. Alisema neno moja kwa Kilendu ambalo mama yake angemchapa kwa kulisema, akaongeza mwendo.

Kilometa ya saba ilikuwa imepita, pikapu ndogo nyeupe ilipokuja mbele yake, ikitambaa katikati ya barabara. Ikasimama. Mzee mwembamba alishuka akishikilia mlango. Mkononi alikuwa na mfuko wake Domitille.

Waliangaliana.

"Weye," alisema yule mzee polepole, akilitafuta kila neno mbali, "unatembea… sawa mutu wa Kpandroma."

Kilikuwa Kiswahili cha kwao, cha mwaka wa 1987, hakijaguswa na chochote tangu hapo.

"Bwana Kamba," alisema Domitille. "Mufuko yangu ilinitangulia?"

"Mama mumoja ameshukia kwa gare yetu, kwa stesheni. Ameona jina yangu. Amepiga simu, anasema, Onodera, mizigo yako imefika, lakini mutu hapana." Akacheka bila sauti, mabega tu. "Mi nikajua. Batu ba Djugu banachanganyaka treni na jipu. Mara ya kwanza kufika Bunia, mi niliketi mu jipu masaa tatu. Nilifikiri chauffeur amekufa."

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, kubwa kuliko mtu mmoja. Alimwekea chai, wali wa kukandwa na kaki zilizomenywa. Aliisoma barua ya kamati kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akipitisha kidole kwenye kila alama ya kidole gumba, na majina mengine aliyatamka: Chance. Arielle. Fanny mke wa Yves. Kisha akaenda chumba cha ndani, akarudi anaburuta sanduku la bati. Domitille alilijua kwa kovu lake. Lilikuwa limeanguka kutoka kwenye baiskeli, mteremko wa Ndrokpa, na yeye ndiye aliyelinyoosha kwa jiwe.

Karatasi zilikuwa kumi na tano, kubwa kama shuka la mtoto, kila moja na namba yake pembeni. Onodera alizitandika sakafuni moja baada ya nyingine na kilima kikajikusanya pale chini. Mto. Njia ya ng'ombe. Kanisa la nyasi. Vipande vya mashamba vilivyobanana kama magamba ya samaki, na ndani ya kila kimoja jina la mtu kwa wino mweusi. Domitille alipiga magoti. Alisoma majina ya waliokufa 1999 na ya waliokufa 2003, na ya wale ambao hakuna anayejua walifia wapi. Hakulia. Alikuwa amekwisha kuamua hatalia katika nchi ya watu.

"Uliandika kitabu?" aliuliza, bila kunyanyua kichwa.

"Niliandika."

"Nani alisoma?"

"Batu kumi na mbili. Pengine kumi na tatu."

"Miaka makumi tatu na nane majina yetu imelala mu sanduku. Bakituchoma, iko hapa. Bakisema hatukuwako, iko hapa. Hukuuliza siku moya kama tuko bazima?"

Mzee aliweka mikono magotini. "Niliuliza mwaka wa 2003, kwa barua. Barua ilirudi. Kisha sikuuliza tena." Akainamisha kichwa mpaka karibu na mkeka, akakaa hivyo.

Domitille akarudi kwenye karatasi. Sasa alitafuta shamba la baba yake.

Hapo ni lazima isemwe lile shamba lilikuwa shamba gani. Lilikuwa kipande cha mtoni, udongo mweusi, kinachozaa maharagwe mara mbili kwa mwaka, na tangu kambini Domitille alikuwa akikigombania na Fiacre, mtoto wa marehemu Josaphat. Fiacre alidai ni cha baba yake, Vital alikopeshwa tu kulima. Domitille alimjibu mbele ya mkutano mzima. Alisema: kila mavuno baba yangu alimpelekea baba yako mtungi wa mandro, nilibeba mwenyewe kichwani, kwa ujirani mwema, na leo mnalipa wema kwa kutunyang'anya? Fiacre akasema ile pombe ndiyo ilikuwa ya shamba. Domitille akasema, Fiacre anauza shamba kwa pombe. Kambi nzima ikacheka, na toka siku hiyo watoto walimwita Fiacre Mtungi. Yeye Domitille akachaguliwa présidente wa kamati. Ushahidi wake wa kiapo, kuhusu shamba lile la mtoni, ulikuwa karatasi ya kwanza katika faili ya mahakama.

Alilipata kwenye karatasi ya tisa. Kipande kilekile, mkunjo uleule wa mto. Wino mweusi ulisema: *Josaphat*. Chini yake, kwa penseli, kwa Kifaransa na Kiswahili kilichochanganywa: *analima Vital, kwa ruhusa. Mtungi mmoja wa mandro kila mavuno, kukumbusha mwenyewe ni nani.*

Alisoma mara mbili. Halafu akaketi chini.

Alikuwepo. Siku ile alishika kamba, matope mpaka magotini, alikumbuka ruba aliyemng'ang'ania mguuni, alikumbuka baba yake amesimama ng'ambo na kofia mkononi, anaongea na Onodera. Alichosema baba hakukisikia, alikuwa mbali, mita hamsini. Na mtungi aliubeba miaka yote, akapokewa kwa makofi na mama wa Fiacre, akapewa mahindi ya kuchoma arudi nayo. Hakuna aliyemwambia ni nini. Nani anamweleza mtoto wa kike mambo ya mashamba? Alijijazia mwenyewe, akaapa juu yake.

"Baba yangu njo alikuambia hivi?"

"Yeye mwenyewe," alisema Onodera. "Alisema, andika muzuri, nisikuye kusumbuana na bajirani."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Domitille alizitazama zile karatasi kumi na nne nyingine, ambazo hazikuwa na ubaya wowote na yeyote. Wakili wa kampuni hakuwa mjinga. Angeweka karatasi ya tisa kando ya kiapo chake, aseme: mheshimiwa, huyu ndiye présidente wao, tazama anavyoapa, wengine mia mbili na kumi na moja je? Kilima kizima kingeponyoka kwa sababu ya kipande cha maharagwe. Bila karatasi ya tisa, kamati iko salama. Na shamba linabaki la Vital. Hayo mawili yalikuja pamoja, yameshikana mkono, na alikuwa mwanasiasa wa kutosha kujua lile la pili limejificha nyuma ya la kwanza.

"Muzee. Kama nikibeba kumi na ine?"

Onodera alikunjakunja midomo. "Ni zenu. Mi sina neno." Akagusa pembe ya karatasi moja, pale penye namba. "Lakini niliandika namba. Mutu atahesabu: munane, kumi. Atauliza ya kenda iko wapi."

"Na kama hatauliza?"

"Basi hatauliza," alisema mzee, akaanza kukusanya vikombe, akamwacha peke yake na kilima.

Domitille alikuwa amepiga kelele miaka ishirini dhidi ya watu wanaochomoa karatasi. Alijua majina yao, mwaka, na afisi. Aliwahi kumwambia mkubwa mmoja usoni kwamba anayeficha karatasi anaua mara mbili. Alikumbuka vizuri kabisa jinsi alivyolisema, kidole juu, na watu wakipiga makofi. Alinyanyuka, akazikunja zote kumi na tano kwa mpangilio wake, moja, mbili, tatu, ya tisa mahali pake, akazitia kwenye bomba la kadibodi ambalo mzee alikuwa ameliandaa. Akapigia kamba mara nne. Fundo la Kpandroma, gumu.

Stesheni haikuwa na mtu, wala mlango, wala mwenye kukata tiketi, kibanda tu na benchi. Onodera alikaa ndani ya pikapu yake, akimwachia nafasi ya kupiga simu. Treni ilikuwa bado dakika kumi na moja. Bunia ilikuwa asubuhi.

"Fiacre. Ni Domitille."

"Présidente." Nyuma yake kulisikika redio ya kwaya na mkewe akisema analipiga pasi shati la misa. "Japani inasema nini? Bamekupatia viazi?"

"Karatasi ninazo. Zote kumi na tano. Majina yote. Baba ya Grâce, baba ya Chance, bote bako mule."

Fiacre alipaza sauti kwa mkewe: "Brigitte! Amezipata!" Akarudi kwenye simu, sauti imebadilika. "Domitille, leo mu misa nitatangaza."

"Ngoja kwanza. Karatasi ya kenda. Shamba ya mtoni. Iko jina ya baba yako."

Fiacre aliizima redio.

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia tu."

"Shamba ni ya Josaphat. Vital alilima kwa ruhusa. Na ile mandro imeandikwa, mutungi moya kila mavuno, ya kukumbusha mwenyewe. Baba yangu njo alisema, mdomo wake."

Fiacre alicheka, kicheko kirefu kisichokuwa na sukari ndani. "Batoto bangu banaitwa bana ya Mutungi mpaka mu masomo. Unajua?"

"Najua."

"Ulibachekesha site muzima, kambi yote."

"Mbele ya site muzima nitasema. Jumatano jioni, nikishuka tu. Lakini leo nataka kitu ingine. Kabla ya misa, enda kwa avocat, wakili wetu. Kiapo yangu itoke mu dossier. Aandike kwamba nimeiondoa mwenyewe, na tarehe ya leo, kabla ya hizi karatasi kufika Bunia. Na Ijumaa usimame weye. Si miye. Weye njo utasoma, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na tano, na ukifika ya kenda usipite mbio."

"Banasemaka avocat analalaka siku ya Mungu."

"Umwamushe."

Ng'ambo ya reli majani mekundu yaliendelea kuanguka juu ya mawe, hakuna wa kuyafagia.

"Sasa weye," alisema Fiacre, na sauti haikuwa na mzaha tena, "tukirudia kule juu, batoto bako batalima wapi? Vital hakuwa na ingine ya maana. Ile ya mawe tu."

"Ya mawe iko mu karatasi ya kumi na moja. Ni yetu."

"Haizaake kitu, Domitille."

"Najua inazaa nini. Nililima." Aliliweka bomba la karatasi chini ya kwapa, akalibana. "Fiacre, kama tukishindwa Ijumaa, batapanda mikaratusi juu ya shamba yako na juu ya mawe yangu, sawasawa. Sitaki kukuja kugombana na weye chini ya miti ya batu. Enda kwa avocat."

"Anakaa mbali, Mudzi-Pela. Na huku mvua imenyesha, ni matope."

"Chukua moto, ile pikipiki ya kukodi."

"Nachukua," alisema Fiacre. Alimsikia akimwambia mkewe aache pasi, shati litavaliwa hivyohivyo.